Usingizi wa Dumuzi

Mimi si mtu wa kukaa chini. Dukani nina kiti kizuri cha kuzunguka, alininunulia marehemu tajiri wangu, na kwa miaka kumi na moja wateja ndio waliokikalia. Nikiongea na mtu natembea. Nikipiga hesabu natembea. Mume wangu alishasema siku nitakayokutwa nimetulia nipelekwe kwa daktari haraka. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoitwa Korogwe, nikaingia kwenye ofisi ya nyuma ya duka kuu, nikaambiwa, "Kaa, mwanangu," nilijua kuna jambo zito.

Aliyeniambia nikae alikuwa mke wa marehemu. Ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa Korogwe, umri wake sabini na ushee, na wafanyakazi wote tunamwita Bibi. Mumewe ndiye aliyefungua maduka mawili ya pembejeo za kilimo: hilo la Korogwe, na hili la Chanika, Handeni, ninalolisimamia mimi. Tunauza mbegu, majembe, mbolea, mabomba ya kupulizia, na dawa. Dawa za viwavi, dawa za panya, na zile za unga ambazo mkulima anachanganya na mahindi ili dumuzi wasiyamalize ghalani. Mgeni asiyemjua dumuzi, ni kidudu cha kahawia, kidogo kuliko punje ya mtama. Ukimwachia gunia la mahindi miezi mitatu, utakuta vumbi.

Marehemu alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla ya hapo, masika yakiwa yamepamba moto. Miaka yake miwili ya mwisho alikuwa akienda Dar es Salaam kutibiwa, na huko, kwa kukosa la kufanya, akaanza kwenda kwenye hekalu la Wabudha kukaa na mtawa mmoja. Hakubadili dini. Alizaliwa Mhindu akafa Mhindu, na alikuwa akisema dini hizo mbili ni ndugu waliogombana kidogo ila bado wanakula chungu kimoja. Lakini alirudi na orodha. Alikuwa ameiandika kwa Kiswahili nyuma ya kalenda ya mbegu: biashara tano ambazo mtu anayetaka riziki safi hazifanyi. Silaha. Kuuza viumbe hai. Nyama. Vileo. Sumu.

Bibi aliiweka kalenda ile mezani, akaigeuza, akanisukumia.

"Nne hatujawahi kuzigusa," alisema. "Ya tano ndiyo nusu ya duka."

Nilimwambia sisi hatuuzi sumu, tunauza dawa. Akaniuliza kopo linachorwa nini. Nikasema fuvu.

Basi ikawa hivyo. Kabla ya mavuno, kila kopo na kila pakiti yenye fuvu itoke kwenye rafu za Korogwe na za Handeni, irudishwe kwa wakala tuliyeichukua kwake. Nilibisha mpaka koo likakauka. Nilimwambia wateja watatuhama. Akasema wajibu wetu ni kufanya kazi iliyo sawa, matunda yake si ya kushikilia. Hilo alikuwa nalo tangu zamani, ndivyo walivyoendesha biashara yeye na mumewe. Mwezi tuliouza sana hakuwahi kunipongeza, na mwezi tuliouza vibaya hakuwahi kunigombeza. Aliuliza tu kama mizani ni sawa na kama mbegu zilizokwisha muda zimetolewa. Wengine wangependa bosi wa aina hiyo. Mimi alikuwa ananitia wazimu. Mimi nataka matunda. Nimelelewa na mama aliyelima heka mbili kwa jembe la mkono, na sijawahi kumsikia akisema mahindi si ya kushikilia.

Nilizitoa dawa zote mwenyewe, nikazipakia kwenye pikapu, nikiwa nimenuna. Rafu ya kushoto ikabaki tupu. Nikapanga madumu ya kumwagilia, yakaonekana kama meno yenye mapengo, nikayatoa tena.

Mavuno yakaja. Wateja wakaingia, wakauliza dawa ya mahindi, nikawaambia hatuna. Mwaka huu? Mwaka huu na mwakani. Wengine walidhani tumefilisika baada ya msiba, wakanipa pole kwa sauti ya chini. Wakaenda mnadani, ambako kuna watu wanauza unga kwenye vikaratasi, hauna jina, hauna maelekezo, umepimwa kwa kizibo cha soda.

Mwezi wa tisa akaja mzee mmoja mkulima, mteja wetu wa siku nyingi. Alifungua kipande cha gazeti juu ya kaunta yangu akaniomba nimwambie ile ni dawa gani. Niliangalia ule unga wa kijivu, nikanusa kwa mbali. Sikuujua. Alisema aliununua mnadani, akachanganya na mahindi, wakasaga baada ya wiki tatu, na nyumba nzima ikatapika siku mbili. Wajukuu walilazwa. Sasa wamepona, ila anaogopa yale mahindi yaliyobaki, na hana mengine.

Sikungoja hata kufunga duka. Nilimwachia msaidizi wangu funguo, nikaendesha mpaka Korogwe mwendo ambao mume wangu asiujue. Nilimkuta Bibi anachambua mbegu za mchicha kwenye sinia. Nilimwamkia, akaitikia, halafu nikamwaga yote bila kukaa. Nilimwambia yeye kajitoa kwenye dhambi, wengine ndio wanaotapika. Nilimwambia dawa zetu zilikuwa na maelekezo, na mimi nilikuwa nasimama pale kaunta namfundisha mtu kiasi gani, asubiri siku ngapi, anawe vipi. Sasa anayewafundisha ni nani? Nilisema na mengine ambayo siyarudii, kuhusu watu wenye akiba ya kutosha kuchagua dhambi.

Hakukasirika. Mikono yake ilisimama tu juu ya sinia. Akauliza wajukuu wangapi. Nikamwambia watatu. Na mimi nikajikuta nimesimama mahali pamoja.

Kisha akasema hakuwa ameliona hilo, na kwamba kutodhuru, ambako ndiko kwenyewe wanakokuita *ahimsa*, hakuwezi kuwa kutodhuru wadudu halafu ukawaacha watu. Akaniomba nitafute njia ya tatu. Si sumu, na si kumwacha mkulima mikono mitupu. Alinipa mpaka vuli.

Njia ya tatu nilikuwa naijua. Ni mifuko isiyopitisha hewa: mitatu, mmoja ndani ya mwingine, miwili ya nailoni ngumu na mmoja wa nje wa kawaida. Mahindi yakikauka vizuri unayajaza humo, unafunga kila mfuko peke yake kwa kamba, na dumuzi waliomo wanamaliza hewa iliyopo. Hakuna dawa hata chembe. Bwana shamba alikuwa ameshanionyesha. Nilichukua mfuko mmoja wa mfano nikampelekea Bibi, nikamweleza unavyofungwa. Alifurahi, akaufungua na kuufunga kama mtoto aliyepewa begi jipya la shule. Halafu akauliza swali ambalo nilipaswa kulijua tangu Handeni litakuja.

"Na wadudu waliomo humo ndani?"

Nilichoka. Nitasema ukweli wangu: nilikuwa nimechoka na mabishano, nimechoka na rafu tupu, na nilimwona yule mzee na kikaratasi chake cha gazeti. Nikaona nikisema neno moja tu, atarudi kwenye kalenda, tutaanza upya, na vuli itatukuta hivyo hivyo. Kwa hiyo nikasema wengi wanachekechwa nje kabla ya kufunga. Na wanaobaki, Bibi, wanalala. Hewa ikipungua wanalala.

"Wanalala," alisema, na uso wake ukafunguka. Sikuwahi kumwona hivyo tangu msiba.

Aliagiza lori zima.

Vuli ilipokaribia kuvunwa akataka kwenda mwenyewe kuwaeleza wakulima. Tulianza na kijiji cha Mpale, kule juu milimani, kwa sababu walikuwa wametualika. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, Waislamu na Wakristo pamoja, na Bibi akasimama na Kiswahili chake cha Korogwe na vineno vyake vya Kishambaa, wakampenda papo hapo. Alionyesha mfuko. Akawasimulia marehemu mumewe na orodha yake. Halafu akainua kile kinailoni juu akasema kwamba humo hakuna kinachouawa, wadudu wanalala tu, na mkulima anakula chakula kisicho na kifo ndani yake. Nilikuwa nimeshika boksi la kamba. Mtu mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Watu walipiga makofi, na bwana shamba aliyekuwa amesimama kando yangu akanigeukia taratibu, akaniangalia, akaangalia chini.

Baada ya siku mbili ile sauti ilikuwa kwenye makundi yote ya wakulima, mpaka Handeni, mpaka Kabuku. Nilikuwa naisikia kwenye simu za watu sokoni. Wengine wanacheka, wengine wanasikiliza kwa makini. Kila nikiisikia nahama upande wa barabara.

Kuanzia hapo sikupata raha. Nilikuwa naamka na neno lile. Nilijiambia ni dumuzi jamani, wadudu, hata mimi nawasaga kwa kidole gumba bila kuvuta pumzi. Mwislamu wa Kizigua anakosa usingizi kwa ajili ya dumuzi? Lakini haikuwa dumuzi. Madrasa nilifundishwa nia kabla sijafundishwa kutawadha, na nilijua vizuri nia yangu siku ile ilikuwa nini. Nilitaka kushinda ubishi.

Kilichonibana kabisa ni simu ya Bibi. Aliniambia kumbukumbu ya mwaka ya marehemu inakaribia, ndugu wanakuja kutoka Dar na Arusha, na siku hiyo baada ya ibada atatamka mbele yao, na mbele ya picha ya mumewe, kwamba nyumba yake imeacha kuua. Kwamba hakuna tena kitu madukani kinachotoa uhai. Ni kiapo, alisema, na atakiweka kwa jina la marehemu, akapumzike. Alitaka niwepo kwa sababu ni mimi niliyeiwezesha.

Nilipiga moyo konde mara nne kumpigia. Mara nne niliuliza habari za afya yake.

Siku yenyewe nilifika Korogwe asubuhi mapema, nikiwa na baibui jipya. Ndugu walikuwa sebuleni. Bibi alikuwa jikoni peke yake, anafinyanga wali kuwa vidonge vya sadaka, vya kumpelekea marehemu kwenye ibada, kwa vidole vitatu, bila haraka. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akasema nimekuja mapema, chai ipo. Nikamwambia sitaki chai.

Nikasema. Nilisema nikitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye sinki na kurudi. Kwamba hawalali. Kwamba wanakosa hewa wanakufa, wote, na mayai yao pia, na mkulima akifungua mfuko anawakuta chini, wamekauka, kiganja kizima. Kwamba nilijua tangu siku ya kwanza.

Aliendelea na kidonge alichokuwa nacho mkononi mpaka kikawa duara. Akakiweka.

"Wanachukua muda gani?"

"Siku kadhaa, Bibi. Pengine wiki, au zaidi."

"Wanateseka?"

"Sijui," nikasema. Hapo ndipo nilipokaa. Kwenye kigoda cha jikoni, na baibui langu jipya.

Nilitegemea anifukuze kazi. Nilikuwa nimeshajiandaa hata maneno ya kumwambia mume wangu. Alinawa mikono, akajifuta, akaja akasimama mbele yangu. Hakupandisha sauti, na ningeomba apandishe.

"Yule mtawa alimfundisha mume wangu kwamba kosa linapimwa kwa nia," alisema. "Ukiua kwa kujua, umeua. Ukiua bila kujua, ni jambo jingine. Kama ungeniambia wanakufa, ningekaa, ningelia kidogo, halafu ningesema leteni mifuko, watu wapate kula. Ingekuwa dhambi yangu, nimeichagua mimi, ningeibeba mimi. Wewe umeninyima hata hiyo. Nimesimama Mpale nimetangaza kitu ambacho hakipo."

Nilisema nilifanya kwa ajili ya yule mzee na wajukuu wake. Akasema anajua. Akasema hilo ndilo linalomsikitisha, kwa sababu sababu yangu ilikuwa nzuri, na yeye angeikubali.

Kisha akabeba sinia la vidonge akatoka.

Sikusikia sala, sielewi lugha yake. Lakini baada ya hapo alizungumza Kiswahili, kwa sababu nusu ya wajukuu zake ndiyo lugha wanayoijua vizuri, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti. Alisema mbele ya picha kwamba duka halitauza tena sumu. Alisema litauza mifuko, na mifuko inaua. Inaua polepole, na yeye anajua, na ameamua hivyo ili watu wapate chakula. Alimwomba mumewe amsamehe kama amekosea kuchagua. Ndugu mmoja kutoka Arusha alikohoa. Mtoto wa kiume wa Bibi alitaka kusema jambo, Bibi akamnyamazisha kwa kiganja. Halikuwa lile tamko alilolingojea mwaka mzima, na sauti yake ilitetemeka mwishoni, na aliyeitetemesha ni mimi.

Kabla sijaondoka aliniambia mambo mawili. La kwanza, duka la Handeni linabaki kwangu, kwa sababu kumfukuza mtu aliyesema ukweli, hata akichelewa, ni kuwafundisha wengine wanyamaze. La pili, nirekodi sauti yangu niitume kwenye makundi yote ilikokwenda ile ya Mpale. Si yeye asahihishe. Mimi.

Nilirekodi kwenye pikapu, nimeegesha kando ya barabara. Mara ya saba ndiyo nikaituma. Nilitaja duka, nikataja cheo changu, nikasema: mimi ndiye niliyemwambia Bibi kwamba wadudu wanalala ndani ya mfuko, si kweli, wanakufa kwa kukosa hewa, na nilijua. Halafu nikazima simu mpaka nyumbani.

Handeni haikuniacha. Kwa wiki mbili kila aliyepita mlangoni aliniuliza nimelalaje. Muuza chapati aliniuliza kama chapati zake zimekufa au zimesinzia. Nilicheka nao, nifanyeje. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yenyewe, na kwamba imekwisha.

Wiki ya tatu, asubuhi, akaingia mama mmoja mzee, kanga mbili, vumbi jekundu la barabara mpaka magotini. Alisema ametoka upande wa Kabuku, amepanda lifti mpaka hapa. Nilimpa kiti, akakikalia pembeni kidogo kama asiyetaka kukichafua. Aliitazama ile mifuko kwenye rafu ya kushoto muda mrefu.

"Mama, hiyo ndiyo ya kwenye simu?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia moja kwa moja, kabla hajauliza, kwamba wadudu wanakufa humo.

"Nimesikia. Mjukuu kanisikilizisha ile sauti yako." Akashusha pumzi. "Basi nipe miwili. Wakati wa vuli nilikuwa na hela ya mfuko. Nikasikia wanalala. Nikasema, sasa wakiamka? Nikawaza watakuwa na njaa kuliko mwanzo. Nikaacha."

Alisema bila kulaumu. Hata alicheka kidogo, kwa kuona jinsi alivyowaza. Nikamuuliza mahindi yake ya vuli yakawaje. Akapangusa viganja, kimoja juu ya kingine, vikatoa sauti kavu. Yaliliwa yote, alisema, gunia nne, akamwaga vumbi kwa kuku.

Nilimfungia mifuko miwili. Nilimwonyesha jinsi ya kuifunga, wa ndani kwanza, halafu wa pili, halafu wa nje. Alilipa, akashukuru, akajitwisha, akatoka.

Nilimpigia Bibi hapo hapo. Sikutaka lingine likae kwangu hata saa moja. Nilimweleza lote: walioamini ule uongo si waliodanganyika tu, kuna waliouamini wakapata hasara. Nilisikia redio yake nyuma, kule Korogwe.

"Gunia nne," alisema. "Na sasa anakula nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilimwonyesha mafundo matatu ya kamba, nikapokea hela yake, sikumuuliza. Nilitupa simu kaunta nikatoka mbio barabarani, nikaangalia upande wa stendi, nikaangalia upande wa barabara ya Kabuku, na kwenye vumbi la malori sikumwona.